Moodle 4.5 na 5.0: mwalimu, anza na tarehe

Chuo kikipandisha toleo la Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, maswali ya wakufunzi huwa yaleyale: benki yangu ya maswali, yaani hifadhi ya maswali ya majaribio, imekwenda wapi, kwa nini wanafunzi wanapata ujumbe usiku wa manane, na hiki kisehemu kipya ni cha nini. Hapa nazungumzia matoleo mawili, 4.5 la Oktoba 2024 na 5.0 la Aprili 2025. Chuo kikiamua kubaki 4.5 si uzembe. Ni toleo la kukaa nalo muda mrefu, na viraka vyake vya usalama vitaendelea kutoka hadi Oktoba 2027.

Kwanza ujue uko toleo gani. Mwalimu haonyeshwi namba hiyo waziwazi, lakini kuna njia. Bofya alama ya kuuliza chini kabisa ya ukurasa, pembeni kulia, kisha ufungue kiungo cha maelezo. Tazama anwani inayofunguka: ukiona 405 uko kwenye 4.5, ukiona 500 uko kwenye 5.0.

Sasa tarehe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wanafunzi wanapoumia. Tangu 4.5, Moodle inakumbusha yenyewe. Kazi ikiwa na tarehe ya mwisho, siku 7 kabla mwanafunzi anatumiwa orodha ya kazi zinazofikia ukomo siku hiyo. Zikibaki saa 48, ambaye hajawasilisha anakumbushwa tena. Ukomo ukipita kwa saa 2 na bado hajaleta kitu, anaambiwa amechelewa. Majaribio pia yana ujumbe wake, saa 48 kabla ya kufunguliwa. Usipoweka tarehe ya mwisho, hakuna ujumbe wowote unaokwenda.

Ukifungua kazi mpya, mfumo unakuwekea tarehe ya mwisho siku 7 mbele, muda 00:00. Chukua kwamba darasani umesema "mwisho Ijumaa". Unachagua Ijumaa, ile 00:00 unaiacha ilivyo. Kwa kompyuta hiyo ni saa sita usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Siku nzima uliyowaahidi imekwisha kabla haijapambazuka, na ilipofika saa nane usiku, watu wamelala, simu zinalia darasa zima: umechelewa. Zamani kosa kama hili ungeligundua asubuhi ukalirekebisha kimyakimya. Sasa mfumo umeshawatangazia.

Kwa hiyo weka 23:59 ya siku uliyoitaja. Halafu kumbuka kwamba fomu inahesabu saa kwa mtindo wa 24, sisi tunahesabu tangu alfajiri. Ukitaka saa kumi na moja jioni andika 17:00. Ukiandika 11:00 umefunga saa tano asubuhi, watu wakiwa bado kwenye vipindi. Mimi napendekeza ndani ya maelezo ya kazi muda uandikwe namna zote mbili, kwa mfano "Ijumaa saa kumi na moja jioni, 17:00", ili asiwepo wa kukisia.

Kuna na saa za eneo. Seva ikiwa imepangwa kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, na wasifu wako unafuata seva, 23:59 unayoandika ukiwa Dodoma au Mombasa inakuwa saa nane na dakika 59 usiku kwa saa ya ukutani. Fungua wasifu wako uhakikishe umechagua Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi, kisha mwombe msimamizi wa mfumo aweke hivyohivyo kwa chuo kizima. Anayefundisha wanafunzi walioko Lubumbashi au Bujumbura akumbuke wako saa moja nyuma yetu.

Jambo jingine linalochanganya: tarehe ya mwisho haifungi kazi. Inaiwekea tu alama ya kuchelewa. Kinachofunga ni "Cut-off date", tarehe ya kufunga upokeaji, ambayo huwa haijawashwa. Iwashe, lakini iache siku 1 au 2 baada ya tarehe ya mwisho. Umeme na bando vina mambo yake, na faili la MB 15 kwenye mtandao dhaifu linaweza kukwama likiwa limebakiza kidogo tu.

Kozi uliyoinakili kutoka muhula uliopita ndiyo ya kukagua tarehe zake zaidi. Kwenye 5.0 kuna ukurasa mpya ndani ya kozi unaokusanya shughuli zote kwa aina, kazi zote na tarehe zake katika jedwali moja. Dakika tano hapo zinatosha. Kwenye 4.5 ongeza bloku (kisanduku cha pembeni) ya shughuli, bofya kazi, nayo itakupa orodha kama hiyo.

Tuje kwenye benki ya maswali. Hadi 4.5 maswali yaliweza kuhifadhiwa ngazi ya mfumo mzima, ya kategoria (kundi la kozi), ya kozi, au ndani ya jaribio. Kwenye 5.0 benki imekuwa shughuli ndani ya kozi, kama jukwaa la majadiliano lilivyo shughuli, na kozi moja inaweza kuwa na benki kadhaa. Wakati wa kupandisha toleo, maswali ya zamani huhamishwa na kazi inayoendeshwa nyuma ya pazia. Ukiingia mapema ukakuta benki tupu, usianze kupakia upya maswali 300. Muulize msimamizi kama uhamishaji umemalizika. Ukipakia mapema utaishia na nakala mbilimbili.

Kuchukua maswali ya kozi nyingine sasa ni rahisi: ndani ya jaribio chagua kuongeza kutoka benki, bofya "Switch bank", kisha tafuta benki unayoitaka. Ukiikosa, mara nyingi ni kwa sababu huna ruhusa ya ualimu kwenye kozi iliyoibeba. Na hapa pana mtego. Swali unalolitunga moja kwa moja ndani ya jaribio linakaa kwenye benki ya jaribio hilo peke yake. Majaribio mengine hayalioni, na ukifuta jaribio nalo linaondoka. Idara ingefanya vizuri kufungua kozi moja isiyo na wanafunzi wala muhula, ya kutunzia benki tu, na walimu wote wa somo wakaandikishwa humo. Kozi za muhula hufutwa, ile ibaki.

Kile kisehemu kipya ni "Subsection", kimekuja na 4.5. Kinakuruhusu kugawa wiki au mada moja kwa ndani: mihadhara huku, mazoezi kule. Unakiongeza kama unavyoongeza shughuli yoyote, kisha unaburuta vitu kuviingiza. Kina ngazi moja tu, huwezi kuweka kimoja ndani ya kingine. Ukikificha, vyote vilivyomo vinafichika, na hilo linafaa sana kwa majibu ya mazoezi. Ukikikosa kwenye orodha, msimamizi hajakiwasha.

Akili unde nayo imeingia tangu 4.5, ila chuo lazima kiunganishe mtoa huduma kama OpenAI au Azure, kwa gharama zake. Toleo la 5.0 limeongeza Ollama, programu ya akili unde inayoweza kuendeshwa kwenye mashine ya chuo chenyewe. Mwanafunzi akiwa kwenye ukurasa wa kozi anaweza kuomba muhtasari, na 5.0 imeongeza maelezo ya kufafanua. Kinachosomwa ni maandishi yaliyoko kwenye ukurasa wenyewe. Notsi zako zikiwa ndani ya PDF, hakuna kitakachofupishwa. Hamishia angalau mada ngumu kwenye kurasa za Moodle, na kwenye simu zitasomeka vizuri zaidi pia.