Siku ya Kulegeza Miguu

Siku nyepesi ya mwendesha baskeli huharibika kwa sababu moja: haiwi nyepesi. Mtu anatoka Mjini Unguja kwa nia ya kulegeza miguu, akifika Mazizini anapitwa na mwenzake, anamfuata, na saa moja baadaye anarudi na mapaja mazito kuliko alivyoamka nayo. Kesho yake, siku ya mazoezi makali, hana cha kutoa.

Safari nyepesi ya baskeli haiongezi nguvu hata kidogo. Kazi yake ni kupitisha damu na kuondoa ukakamavu, wakati misuli uliyoichosha jana ikijijenga. Dakika 30 hadi 45 zinatosha, isizidi saa. Mwenye kipimo cha wati, yaani cha nguvu ya kukanyaga pedali, akae chini ya asilimia 55 ya nguvu anayoweza kuishika kwa saa nzima. Asiye nacho atumie pumzi: avute hewa kwa puani tu na aweze kuzungumza bila kukata sentensi.

Pumzi naiamini kuliko saa ya mapigo ya moyo, hasa miezi ya joto ya kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini. Joto likipanda, damu ileile inagombaniwa na misuli na ngozi, jasho nalo linapunguza maji mwilini, kwa hiyo moyo unaenda mbio ingawa miguu haijaongeza kazi. Na kwa unyevunyevu wetu jasho linatiririka tu, halikauki, kwa hiyo halipoozi. Ukiona mapigo yamepanda kwa 10 na mwendo ni uleule, punguza mwendo. Bora kutoka saa 12 na robo asubuhi, mwanga unapoanza, na kabla ya saa 2 uwe nyumbani.

Mbele tumia giya ndogo, nyuma ya katikati, mizunguko 85 hadi 95 kwa dakika. Hesabu goti la kulia likipanda kwa sekunde 15: lifike 21 hadi 24. Unyayo uiguse pedali kama unavyogusa mchanga uliolowa, bila kuisukuma. Ukihisi pedali inakurudishia uzito, giya bado ni kubwa.

Mwenye baskeli ya Phoenix ya giya moja asihangaike na 90. Kwa meno 44 mbele, 18 nyuma na tairi ya inchi 28, kila mzunguko unakusogeza karibu mita 5 na nusu. Mizunguko 60 ni karibu kilomita 20 kwa saa. Basi ashuke hadi 50, hiyo ni kilomita 16, na kwenye mwinuko ateremke na kuisukuma. Hakuna aibu yoyote.

Njia ifuate upepo. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, nenda Fumba, kusini mwa mji: unaanza kwa kupingana na upepo ukiwa bado mpya, unarudi ukisukumwa. Wakati wa kaskazi geuza, nenda kaskazini upande wa Bububu kwa barabara ya pwani, usipande kilima cha Masingini. Upepo wa mbele usikufanye utetee spidi; kilomita 14 kwa saa ni halali kabisa siku hiyo. Pemba, ambako vilima havikupi nafasi, kipande kimoja cha tambarare ukienda na kurudi mara nne ni bora kuliko safari nzima ya Chake hadi Wete.

Ukishuka, nyoosha nyonga, nyuma ya mapaja na vigimbi, sekunde 30 kila upande, bila kudundadunda. Maji yakijaa, kutembea baharini maji yakiwa kiunoni kwa dakika 15 kunafaa sana. Halafu kula: muhogo au ndizi za kuchemsha na kipande cha samaki cha gramu 100, ambacho kina protini ya gramu 20 na zaidi. Wengi hujinyima chakula siku nyepesi wakidhani hawajafanya kazi, wakasahau kwamba mwili bado unalipa deni la jana.

Na kabla ya yote hayo, ukiwa bado kitandani, shika mkono na uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakizidi ya kawaida yako kwa 7 au 8, na miguu inauma hata kushuka ngazi, baskeli ibaki ukutani.