Usiuze dishi la zamani kabla hujasoma hii (stendi ya sola inayofuata jua)

Kama nyuma ya nyumba una lile dishi kubwa la zamani linaota kutu, usiwape watu wa vyuma chakavu kwanza, chomoa ule mkono wenye mota uliokuwa unaligeuza. Mimi wangu ndo unageuza paneli za pampu ya kisima shambani huku chini ya Moshi na unapiga kazi fresh.

Wengi wakisikia stendi inayofuata jua wanawaza dude linalogeuka kila upande, maana wameangalia video za Ujerumani huko, ambako wakati wa baridi jua linatembea chini kabisa. Sisi tuko digrii 3 na ushee kusini mwa ikweta, saa za mchana jua halikai mbali na utosi, Juni linasogea kaskazini kama digrii 27, Desemba kusini kama 20, basi. Kinachotunyima umeme ni asubuhi na jioni. Kwahiyo bomba moja tu lililolala kaskazini kwenda kusini, paneli zinalalia mashariki halafu magharibi, hayo mengine ni kujitafutia presha.

Alafu sensa za kutafuta jua na Arduino (kile kikompyuta kidogo cha kuongozea mota) achana nazo. Paneli ikipishana na jua kwa digrii 60 inapata nusu tu ya mwanga wa moja kwa moja, ikipishana kwa 45 inapata kama 70%, ila ikipishana kwa 20 bado unakula zaidi ya 90%! Yani hakuna haja ya kulenga kama mwindaji. Jua linatembea digrii 15 kwa saa, taima ya kawaida inaisukuma mota kidogo kila saa, usiku inarudisha mashariki. Ila taima usiiseti paneli zilale flati saa sita kamili, saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata longitudo ya digrii 45 mashariki na Moshi iko kwenye kama 37, jua linafika juu kwenye saa sita na nusu hivi.

Mota za madishi nyingi ni za 36V, mimi nimeunga betri mbili za pikipiki nikapata 24V, inaenda taratibu na ndo ninachotaka. Ndani kuna skrubu ndefu kwahiyo upepo hauwezi kuurudisha mkono nyuma. Fundi wa kuchomelea mwambie bomba lipite katikati ya uzito wa paneli, likikaa pembeni mota inabeba mzigo wa bure kila siku, na beringi za bajaji zinatosha kabisa.

Sasa kama una betri kubwa na inveta nyumbani, ukweli ongeza paneli moja ulale, stendi haikuhusu. Na ile Juni Julai mawingu yakigoma kutoka mlimani haisaidii kitu, mwanga unatoka kila upande. Mimi pampu yangu haina betri, nataka maji yaanze kutoka mapema nyanya zinywe kabla jua halijawaka, hapo ndo faida iko.

Huna mota? Toboa matundu matatu kwenye stendi uweke pini. Asubuhi mashariki, saa tano zilaze, saa nane magharibi, dogo wa shambani anageuza mwenyewe akipita na ndoo.