Dahlia zangu za kwenye viriba, na urea niliyoambiwa niweke

Sisi wa Lushoto hatuna theluji ya kuogopa. Naanza na hilo kwa sababu maelekezo mengi ya dahlia, haya maua yanayoota kutoka kwenye viazi, yameandikwa na watu wa Uingereza na Uholanzi, ambao huanzishia viazi vyake ndani ili baridi isiunguze machipukizi. Ukiyafuata neno kwa neno huku Usambara utabaki unasubiri adui ambaye haji, huku yule wa kweli keshaingia. Adui wetu ni masika. Kuanzia Machi mpaka Mei huu udongo mwekundu unashika maji, na kiazi cha dahlia kikilala humo kinaoza kabla hakijachipua. Kwa hiyo naanzishia barazani, kwenye viriba vile vikubwa vya miche na ndoo kuukuu za rangi nilizotoboa matako kwa msumari wa moto, halafu natoa nje mvua zikianza kukatika.

Haya, urea.

Kijana wa duka la pembejeo aliniona nanunua viriba, akauliza vya nini, nikamwambia. "Mama, weka kijiko cha urea chini, panda kiazi juu yake, mwagilia kila siku. Utaona maajabu." Mimi nimelima kabichi na karoti tangu huyu mtoto hajazaliwa, na nilijua hapo pana walakini. Lakini kubishana na mtu wa duka bila ushahidi ni kujichosha. Nikachagua viazi nisivyovionea uchungu, vile vya maua madogo ya zambarau vinavyojiotea kwenye kila ua huku kwetu, nikavifanyia kila alichosema, kijiko kwa kijiko. Vingine vyote nikavipanda kivyangu, upande wa pili wa baraza.

Basi nikakaa kuangalia. Vingine vya urea vilioza tu; ukifukua, kidole kinazama kwenye kiazi na harufu inakurudisha nyuma. Vilivyochipua vilitoa majani mapana, ya kijani kilichokolea, mpaka shemeji yangu alipokuja akaniambia hivyo ndivyo vizuri kuliko vyangu. Nikanyamaza. Haikupita muda kingo za majani zikaanza kuungua, mashina laini yasiyo na nguvu, na upepo wa kwanza ukayalaza yote. Nilibeba kiriba kimoja mpaka dukani nikakiweka juu ya kaunta, pembeni ya mizani, wateja wakiwa wamejaa. "Mwanangu, maajabu yako haya hapa." Akakigeuza huku na huku, akasema labda mbegu yangu ilikuwa mbaya.

Mbegu! Kiazi cha dahlia kinakuja na akiba yake ya chakula. Siku za kwanza hakina hata mizizi ya kunyonya hiyo mbolea, na hivyo vijizizi vinavyoanza kutoka vikikutana na chumvi ya urea vinaungua. Kwenye mchanganyiko wangu wa kuanzia siweki chochote cha dukani: udongo wa juu wa chini ya miti ya grevilea, mboji iliyoiva vizuri, na mchanga wa mtoni wa kutosha kupitisha maji. Nalowesha mara moja siku ya kupanda, kiasi kwamba ukifinyanga udongo mkononi unashikana lakini haudondoshi tone. Baada ya hapo kopo la maji naliweka mbali mpaka nione kijani. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, mkono unawawasha.

Na usipande kiazi ambacho hujakikagua shingo. Jicho la dahlia halipo mwilini kama la mbatata, lipo pale kiazi kinapoungana na shina la zamani. Kiazi kinene kizuri kisicho na shingo hakitachipua hata ukisomee dua. Jirani yangu alikata vyake vipande vipande, akafukia, akangoja mpaka akaamua kupanda vitunguu hapo hapo. Kama macho hayaonekani, navipanga kwenye tenga la nyanya lenye maranda mabichi kidogo, karibu na jiko la kuni. Joto likivifikia, vinundu vya rangi ya waridi vinajitokeza vyenyewe, nami ndipo nashika kisu. Kila kipande lazima kiondoke na shingo na jicho lake. Nakilaza, jicho juu, kiriba kikiwa nusu tu, na udongo naongeza kadiri shina linavyopanda.

Chakula kinaanza yakishatoka majani jozi mbili au tatu, na kinaanza kwa unyonge. Nachukua gunia, natia samadi ya mbuzi na majani ya tughutu, kichaka cha huku kwetu, yaliyokatwakatwa, nafunga, nazamisha kwenye pipa la maji karibu wiki mbili. Tughutu wazee wetu walikuwa wanaifukia shambani zamani sana, kabla hatujaanza kuuziwa virutubisho kwa kilo. Pipa litanuka, liweke mbali na dirisha la mkwe. Yale maji nayazimua mpaka yawe na rangi ya chai nyepesi, kikombe kimoja kwa kiriba, mara moja kwa wiki, na kamwe si kwenye udongo mkavu. Majani yakipauka naongeza kidogo. Yakikolea sana naruka wiki. Majivu ya jikoni naweka kiganja kidogo baadaye, mmea ukishasimama, maana dahlia inataka potashi kwa ajili ya maua na viazi. Ukiishibisha naitrojeni itakupa kichaka, na viazi vyake havitadumu ghalani.

Sasa konokono. Hawa wasio na gamba, wanaotoka usiku mvua ikinyesha, wanapenda ncha changa ya dahlia kuliko kitu chochote. Unalala na mche, unaamka na kijiti. Nilijaribu majivu kuzunguka viriba: yakilowa, wanapita juu yake kama barabara ya lami. Ndipo nikakumbuka kwamba wadudu hawa hufuata harufu ya chachu, na chachu huku kwetu si ya kutafuta. Nikaenda kwa mama mmoja anayepika boha, pombe yetu ya kienyeji.

"Shikamoo mama," akaniamkia. "Leo na wewe?"

"Marahaba. Ni ya konokono."

Alicheka mpaka akakaa chini. Nilipimiwa lita moja mbele ya wateja wake, na kabla sijafika nyumbani habari ilishafika. Baba watoto aliulizwa njiani akitoka msikitini kama ni kweli mkewe ameanza. Mpaka leo pale kilabuni mtu akiaga anasema anakwenda kuua konokono. Lakini sikilizeni: vifuniko vya makopo, boha kina cha kidole, navifukia ukingo ukibaki juu kidogo ya ardhi ili mende wa bustani wasitumbukie bure, halafu naegesha kigae juu yake ili mvua isiizimue pombe. Asubuhi nilikuta wamelala humo, wanene, hawajui kilichowapata. Nilibadilisha boha kila baada ya siku mbili tatu. Gharama ni hela ya soda. Gharama ya jina langu ni habari nyingine.

Mche ukifikisha jozi nne za majani nakata ncha, na wanaoona huruma wakae pembeni. Usipokata utapata shina moja refu na ua moja la kujivunia. Machipukizi ya ziada yanayotoka chini, yakifika urefu wa kidole, nayachomoa na kisigino chake nayapandikiza kwenye mchanga; robo tatu hushika, na hivyo ndivyo viazi vya kununuliwa kwa bei ya kuumiza vinavyokuwa bustani nzima.

Kutoa nje kunaanza polepole: jua la asubuhi kwanza, kisha siku nzima. Kwenye shimo nachanganya unga wa Minjingu, ile mbolea ya fosfeti, kidogo na mboji, nachomeka mti wa kuegemea kabla ya mche, maana ukichomeka baadaye utatoboa viazi, kisha napasua kiriba kwa wembe. Usivute shina, lina uwazi ndani na linakatika kirahisi. Nafasi, nusu mita na zaidi kidogo. Kamba ya mgomba inafunga bila kukwaruza.

Wanaoniulizia kwa ajili ya harusi za Dar es Salaam nawaambia mapema: dahlia si waridi, haivumilii safari ndefu bila maji, na ua lililokatwa likiwa bado limefumba halifunguki tena. Kata alfajiri, lichanue karibu lote, weka ndooni hapo hapo. Bei tutaelewana, ila ndoo nirudishieni.