Mto ulipoingia kiwandani

Aprili 2025 mvua ilinyesha siku nne mfululizo hapa jimbo la Kentucky, Marekani, usiku na mchana, na tarehe 7 mto Kentucky ukafika zaidi ya futi 48 pale mji wa Frankfort, umebaki kidogo tu uvunje rekodi ya 1978. Kiwanda cha Buffalo Trace, wanaopika burboni, ile wiski ya mahindi ya huku Marekani, kipo ukingoni kabisa, basi maji yakaingia. Picha zikazunguka WhatsApp, yale majengo ya matofali yamesimama katikati ya maji rangi ya chai ya maziwa, mi nikazitazama mpaka machozi yakanilenga, na pombe yenyewe sinywi.

Niliumia sababu najua kazi ya watu wale. Kuna mzee wetu kutoka Uvira, jirani yangu hapa Lexington, anasukuma mapipa kwenye ghala la kampuni nyingine. Pipa moja linabeba kama lita 200, likijaa huliinui, unalibingirisha tu, na likifika mahali pake lazima kizibo kiwe juu, sasa yeye anahesabu mizunguko kabla hata hajaligusa. Alinionyesha kwa gudulia la maji pale sebuleni, mara tatu, kizibo juu kila mara!

Mto ulirudi chini, watu wakakokota tope, wakasafisha, kazi ikaendelea. Kinachoniogopesha ni soko. Burboni unayopika leo inalala kwanza kwenye pipa, utaiuza baada ya miaka minne, sita, nane, na walioijaza 2020 na 2021 waliona watu wamefungiwa majumbani wananunua kama hakuna kesho, wakajaza tu. Saa hizi Kentucky yamelala mapipa zaidi ya milioni 16, haijawahi kutokea, na kila moja linakatwa kodi kila mwaka likiwa limelala tu. Wanywaji nao wamepunguza, maisha yamepanda bei, halafu Machi 2025 majimbo mengi ya Canada yakaondoa pombe za Marekani madukani kwa ajili ya ule ugomvi wa ushuru kati ya nchi hizo mbili.

Brown-Forman, kampuni kubwa ya wiski, wakafunga karakana yao ya kutengeneza mapipa mjini Louisville. Desemba 2025 Jim Beam, wapika burboni wengine wakubwa, wakatangaza mitambo yao mikubwa ya Clermont itazimwa mwaka mzima wa 2026. Na burboni kisheria inataka pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani, kwa hiyo mtambo ukizimwa fundi wa mapipa anakaa, mpasua mbao anakaa, na mkulima wa mahindi aliyeshazoea kuwauzia anaanza kutafuta mnunuzi mwingine. Hao ndio nawawaza, sio wale wanaogombania chupa za maelfu ya dola.

Jumamosi nimemkuta mzee barazani mchana kweupe, siku ambayo huwa yuko kazini. Shifti zimekatwa, zimebaki tatu kwa wiki. Nikamuuliza kwani mapipa yameisha? Akasema, "Mwanangu, yamejaa mpaka kwenye paa. Hakuna anayeniita kuyashusha."