Abee, mama

Mama alirudi nyumbani baada ya kiharusi akiwa na upande mmoja mzito, na mimi ndiye niliyebaki naye usiku na mchana. Kumgeuza kitandani, kumkalisha, kumhamishia kwenye kiti: hayo yote nilifundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, na mwili wangu uliyashika upesi. Jinsi ya kuacha ndiyo hakuna aliyenifundisha. Nikilala, sikio linabaki macho. Akikohoa kidogo tu chumba cha pili, nimeshakaa kitako. Ikafika hatua mama analala fofofo na mimi nimekodoa macho gizani, nasubiri kuitwa.

Jioni moja dada yangu mkubwa akaja kunipokea zamu. Nilidhani ataniambia nikalale, maana ndilo neno nililokuwa nikiambiwa na kila mtu. Hakusema hivyo. Alisogeza meza ndogo ukutani, akavuta kiti katikati ya chumba, akauliza mablanketi yako wapi.

Dada amefanya yoga kwa miaka mingi, ile ya taratibu, ya kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Mimi yoga nilikuwa nimeiona kwenye picha tu, watu wamejikunja mpaka hujui mguu umeanzia wapi.

"Dada, leo sina nguvu ya mazoezi," nikamwambia.

"Najua, mdogo wangu. Leo wewe hufanyi kitu. Lala tu, kazi tuiachie sakafu."

Akaanza kukunja mablanketi, ukingo juu ya ukingo, bila haraka. Huku akikunja akanisimulia habari za B.K.S. Iyengar, mwalimu wa India aliyezaliwa mwaka 1918 na kukua akiwa mgonjwa mgonjwa, ameshapita kwenye malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu kabla hajawa mtu mzima. Baadaye, akifundisha katika mji wa Pune, akawa mtu wa kutumia viti, mikanda, matofali ya mbao na mablanketi ili hata mwili uliochoka au unaoumwa uweze kukaa ndani ya mkao bila kupigana nao. Naamini mtu aliyewahi kuwa dhaifu ndiye anayeweza kufikiria jambo kama hilo. Na halikuwa jambo geni kwa yoga yenyewe: mafundisho ya Patanjali, mwalimu wa yoga wa India ya kale, yanataka mkao uwe imara na uwe wa raha, vyote viwili kwa pamoja.

Nikalala chali. Akaninyanyulia miguu, mashavu ya miguu yakalala juu ya kiti, magoti yamekunjwa, mapaja yamesimama wima. Hapo hapo kiuno changu, ambacho kwa kumnyanyua mama kilikuwa kimekaza kama ubao, kikaanza kushuka kuelekea sakafuni. Wengine huegemeza miguu ukutani, lakini dada alikataa. Misuli ya nyuma ya mapaja ikiwa imekaza, alisema, ukuta utaivuta, na tulichotaka ni kila kitu kiache kuvutana. Blanketi moja likaingia chini ya kichwa, si la kunisukuma shingo, la kutosha tu kidevu kielekee kifuani kidogo. Jingine likatandazwa tumboni. Kitambaa machoni.

Kisha akatazama mikono yangu.

Ilikuwa imejikunja nusu, vidole vimeelekea ndani, viwiko havijagusa chini. Mimi mwenyewe sikuwa na habari. Ilikaa vile vile kama inavyokaa ninapopitisha mikono chini ya mabega ya mama. Dada hakuniambia niilegeze. Alichukua taulo mbili ndogo, akazikunja, akaweka moja chini ya kila kifundo cha mkono, akaenda kukaa pembeni. Polepole vidole vikafunguka vyenyewe. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile. Ukiuamuru mwili ulegee, unaupa kazi nyingine juu ya kazi. Ukiuwekea kitu cha kuegemea, unaachia kwa hiari yake.

"Sasa pumua kwa pua. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita. Ikikubana, punguza."

Kuna sababu ya kurefusha pumzi inayotoka. Ukivuta pumzi, moyo huongeza mwendo kidogo; ukiitoa, hupunguza. Neva ya vagasi, inayoteremka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, ndiyo inayoshika breki hiyo. Kwa hiyo unapotoa pumzi ndefu, unaupa moyo muda mrefu zaidi wa kutulia, na hilo halingojei mawazo yako yatulie kwanza. Yangu hayakutulia. Nilihesabu huku nikiwaza dawa za asubuhi, shuka lililo kwenye kamba, kidonda kidogo kisigino cha mama.

Ndipo mama akaita. Aliita jina langu.

Tumbo likakaza, mabega yakainuka sakafuni kabla sijaamua lolote. Dada alikuwa ameshasimama. Akanigusa bega.

"Baki hapo. Nitaitika mimi." Na akaitika kwa sauti ya kujaza nyumba: "Abee, mama! Nakuja!"

Nikabaki. Wapo wanaosema yoga ya namna hii ni kulala tu, imepewa jina kubwa, wala haistahili kuitwa mazoezi. Laiti wangelala pale badala yangu! Nilisikia kitanda kikilia, nikajua anamgeuza. Nilisikia kikombe. Nilisikia mama akiuliza mimi niko wapi, na dada akimjibu kwamba napumzika. Kila hatua niliifuata kwa masikio, na dada hakuzipanga kama ninavyozipanga mimi. Mto aliuweka mwisho, mimi huuweka mwanzo. Nikangoja mama alalamike. Badala yake nikamsikia akicheka, dada amemwambia nini sijui. Mabega yangu yakarudi chini, pumzi ikatoka ndefu bila kuhesabiwa na mtu.

Kilichofuata sikikumbuki chote, na nafurahi kwamba sikikumbuki.

Dada aliponiamsha alinizuia kukurupuka. Nilishusha miguu kutoka kwenye kiti, nikageukia ubavu wa kulia, nikakaa hivyo kwanza, ndipo nikajisukuma juu kwa mikono, kichwa kikija mwisho. Ukiinuka ghafla kutoka katika utulivu ule, damu huchelewa kufika kichwani na kizunguzungu hukushika. Usiku ule nililala vipande vipande, lakini kila kipande kilikuwa usingizi wa kweli.

Asubuhi mama akataka kujua nilikuwa nikifanya nini sakafuni. Nikamweleza. Akasema na yeye anataka. Nilimuuliza kwanza mtaalamu wetu, naye akasema miguu tusiiguse. Mama alale anavyolala siku zote, mkono ulio dhaifu uwekewe mto kuanzia begani hadi kwenye vidole, na pumzi iwe ya kawaida yake bila kujilazimisha. Nikampangia mto, nikakaa kando yake, nikaanza kuhesabu kwa sauti ya upole: moja, mbili, tatu, nne.

"Usinihesabie," akasema, macho ameyafumba. "Unanikimbiza."

Nikanyamaza. Nikasikiliza pumzi yake inavyokwenda, nikaifuata na yangu.