Nilivyopanga mstari wa kujaza sabuni ya maji: chupa 1,200 kwa zamu moja

Wengi wakipewa kazi ya kupanga uzalishaji huanza na mashine: inunuliwe ipi, ina kasi gani. Mimi nilianza na saa. Zamu ni dakika 480. Nilitoa 60 za mapumziko na 40 za maandalizi na usafi, zikabaki 380, yaani sekunde 22,800. Lengo lilikuwa chupa 1,200 za nusu lita zilizo tayari kuuzwa. Nilikadiria kuwa mbili katika kila mia zitakataliwa kwa lebo kukaa upande au kifuniko kuvuja, kwa hiyo zilipaswa kujazwa 1,225. Gawanya 22,800 kwa 1,225 upate sekunde 18.6. Kituo chochote cha kazi kinachotumia zaidi ya hapo kwa chupa moja kinaangusha lengo zima.

Muda wa hatua hupimwa kwa simu na kalamu, mizunguko isiyopungua 20, na anayepimwa awe mtu wa kasi ya kawaida. Ukimpima mwepesi kuliko wote, utapanga mstari ambao yeye peke yake ndiye anayeuweza. Nilipata hivi: kujaza sekunde 18, kufunga kifuniko 9, lebo 26, kugonga tarehe na namba ya bechi (sabuni iliyochanganywa kwa mkupuo mmoja) sekunde 5, kupanga kwenye katoni 12. Jumla 70. Ukigawanya kwa 18.6 inakuja 3.8, yaani watu wanne.

Tatizo ni lebo. Kwa sekunde 26, zamu ingeisha na chupa 876 hata wengine wakimbie namna gani. Jibu la haraka ni kuongeza mtu wa tano, na ndilo linalopendwa na wasimamizi kwa sababu halihitaji kufikiri. Nilivunja zile 26 vipande vipande: kumbe 8 zilikuwa za kufuta chupa, maana lebo haishiki kwenye plastiki yenye sabuni. Nikampa kazi ya kufuta mfungaji wa vifuniko, akafika 17. Lebo ikabaki 18. Kugonga tarehe na katoni vikaunganishwa kwa mtu mmoja, 17. Watu wanne: 18, 17, 18, 17.

Kisha nikauliza kwa nini chupa inalowa kabisa. Valvu ilikuwa juu ya bomba la kujazia, hivyo ikifungwa, sabuni iliyobaki chini yake inaendelea kudondoka. Valvu ilipohamishiwa kwenye ncha ya bomba, kufuta kulishuka hadi sekunde 3.

Kujaza hakuharakishwi kirahisi. Sabuni ikimwagwa kutoka juu hukokota hewa, na povu hufika shingoni kabla ya nusu lita kutimia. Bomba liingie hadi karibu na kitako cha chupa, kisha lipande taratibu kadiri sabuni inavyopanda. Kipimo nakifuata kwa mizani, maana jicho hudanganywa na povu. Sabuni hii ina gramu 1.03 kwa kila mililita, kwa hiyo 500 ni gramu 515. Ongeza chupa tupu ya gramu 38, jumla 553. Nililenga 556 kwa kuwa chupa zenyewe hazilingani uzito. Chupa tano hupimwa kila saa, na tena kila mstari unaposimama, kwa sababu asubuhi ya baridi sabuni huwa nzito, haitiririki upesi, na muda uleule wa valvu hutoa kidogo.

Kwa sekunde 18, chupa 1,225 zinakula sekunde 22,050. Akiba ya siku nzima ni kama dakika 12 tu. Ndiyo maana kati ya kufunga na lebo niliweka nafasi ya chupa 30, sawa na dakika 9 za kazi, ili anayejaza asisimame wakati roli ya lebo inabadilishwa. Zaidi ya 30 sikuruhusu: uzito ukigundulika umepotoka, lundo lote hilo ni la kupimwa upya.

Sehemu iliyonipa kazi kubwa kuliko zote ni matangi. Kuchanganya saa 3, kutulia saa 12 hadi povu liishe, kujaza karibu saa 7, kuosha saa 1: jumla 23. Kwenye karatasi tangi moja linatosha siku. Kwa kweli halitoshi, kwa sababu likimaliza kuoshwa zamu nayo imekwisha, na hakuna wa kuchanganya usiku. Kwa hiyo matangi mawili: moja linajaza chupa, la pili linachanganywa siku hiyohiyo na kutulia usiku kucha. Kila bechi ni lita 640, si 600, ukihesabu chupa za ziada, gramu 3 za kila chupa na kinachobaki kwenye mabomba. Tangi liwe la lita 800, ili kipikicha, yaani kifaa cha kukoroga, kisirushe povu nje.

Kipikicha chenyewe kizunguke polepole. Kikichimba shimo katikati ya tangi, kinanyonya hewa, na saa 12 za kutulia hazitatosha. Chumvi ya kuifanya sabuni iwe nzito, isiwe majimaji, iyeyushwe kwanza kwenye maji, iingie kidogo kidogo, upime, uongeze. Ina kilele chake: ukikivuka, sabuni hurudi kuwa nyepesi kama maji. Msaidizi asiyejua hilo huongeza chumvi nyingine na kuharibu bechi nzima, wakati dawa ni kuongeza slesi (SLES, kiungo cha sabuni kinachotoa povu) na maji yasiyo na chumvi.

Ratiba ya wiki naipanga kwa rangi: isiyo na rangi kwanza, kisha njano, kijani mwisho. Kutoka njano kwenda kijani, kusuuza mara moja kunatosha. Kutoka kijani kurudi kwenye isiyo na rangi, bomba la kujazia lifunguliwe na mipira ya valvu itolewe ioshwe, kazi inayozidi kabisa zile dakika 40. Hiyo naiweka siku ya mwisho ya wiki, na siku hiyo lengo la chupa nalipunguza tangu kwenye ratiba.