Mikono juu ya skrini

Jana usiku nimeangalia Los abrazos rotos, filamu ya Kihispania ya Pedro Almodóvar ya mwaka 2009. Hadi asubuhi hii moyo bado mzito.

Mateo ni mwongozaji wa filamu aliyempenda Lena, mwigizaji wake, wakati Lena anaishi na tajiri anayegharamia hiyo filamu. Wanatorokea kisiwa cha Lanzarote. Ajali ya gari inamuua Lena, naye Mateo anabaki kipofu.

Penélope Cruz ndiye Lena, na jamani, anaigiza! Yule tajiri anamtuma mwanawe awarekodi kwa kamera, halafu anaajiri mwanamke wa kusoma midomo amtafsirie wanachosema. Siku moja Lena anatokea mlangoni, anasimama nyuma yao na kutamka kwa sauti yake yale yale ambayo midomo yake inasema kwenye skrini: anamwacha yule tajiri. Hapo nilishika mdomo.

Lakini kilichonitoa machozi ni mwishoni. Miaka 14 imepita. Diego, kijana anayemsaidia Mateo, anamwekea mkanda wa busu lake la mwisho na Lena, unaenda polepole, picha moja baada ya nyingine. Mateo haoni kitu. Anainuka, anaweka viganja vyote viwili juu ya kioo cha runinga na kuupapasa uso wa Lena.

Nilirudisha nyuma kipande hicho mara tatu. Nilimkumbuka mtu ambaye nimebaki na picha yake moja tu, nayo imekunjika katikati. Leo nimeitoa kabatini nikaiweka mezani.